Kisahani cha Kitanda cha Nne

Yoleida Urdaneta alibandua namba mbili kwenye kisahani cha marehemu wa kitanda cha pili, akabandika namba nne. Kisahani chenyewe cha kitanda cha nne akakizamisha kwenye ndoo ya klorini, akakikandamiza kwa koleo mpaka mapovu yakaisha. Alifanya yote hayo akiwa ameketi. Jasho lilimtiririka kama linavyomtiririka kila mtu jijini Maracaibo umeme unapokatika.

Kwenye visahani hivyo alikuwa ameotesha vijidudu kutoka vidonda na damu ya wagonjwa, na katikati ya kila kimoja akaweka tone la dawa. Dawa ikiua, hubaki duara tupu. Isipoua, vijidudu hulifunika tone lenyewe. Kisahani cha sita kilikuwa na duara. Cha nne nacho kilikuwa nalo, tena kubwa. Cha marehemu hakikuwa nalo, ndiyo maana alikuwa marehemu.

Mjane wake alikuwa ameacha chupa za dawa zilizobaki. Ndivyo wodi ile ilivyoishi tangu stoo ya hospitali ikauke: anayekufa huwaachia wanaopumua. Zilitosha mtu mmoja tu.

Mkurugenzi Villasmil alisimama mlangoni mwa maabara, leso puani. Nyuma yake alikuja mzee Nerio, baba wa mgonjwa wa kitanda cha nne, kofia mkononi.

"Haya dokta, tusichoshane," Villasmil alisema. "Chupa ziende kitanda cha nne. Chuo kikuu wananipigia simu asubuhi na jioni. Kitanda kile kikifa, magazeti yatanila mzimamzima."

"Na cha sita kikifa?"

"Fundi wa matairi? Ataandikwa na nani?"

Yoleida alimtazama. Miaka yote aliyochunguza vijidudu vya hospitali ile alimwambia mtu huyu kwamba ugonjwa unashuka na maji kutoka tangi la paani. Alimwambia mwaka ule wa watoto wachanga wa wodi ya juu, waliobebwa na mama zao wakiwa maiti, wamefungwa kwenye taulo. Alimwambia mwaka wa wajawazito. Kila mara alijibiwa hakuna fungu, na aliyemjibu alikuwa anakunywa maji ya chupa. Majina ya waliokufa alikuwa nayo yote kichwani.

Mwishowe alimwomba Eudomar, kijana aliyeziba matairi ng'ambo ya barabara, apande paani akalisafishe tangi. Eudomar alitoa njiwa waliooza ndoo baada ya ndoo, kisha ngazi ikateleza. Mfupa ukatokeza nje ya ngozi, na uchafu ule ule wa tangi ukamwingia. Sasa ndiye aliyelala kitanda cha sita, na mkewe mjamzito alikuwa akimpepea kwa boksi.

"Sheria uliiweka mwenyewe," Yoleida alisema. "Dawa inafuata kisahani." Akavisukuma viwili mezani.

Villasmil alinyoosha shingo bila kuvigusa. "Cha nne hakina duara."

"Hakina. Ukimpa wa nne ni sawa na kuimwaga."

"Haiwezekani," alisema mzee Nerio. "Sista Migdalia aliniambia kuna matumaini."

"Sista hasomi visahani, mzee."

"Basi otesheni upya."

"Mpaka viote tena, wote wawili watakuwa wameshakwenda."

Mzee akamgeukia mkurugenzi. Sauti yake ilishuka. "Bwana, nimebaki na mtoto mmoja. Wengine wako Chile, wako Peru, hata sauti zao nimeanza kuzisahau. Huyu alikataa kuondoka. Nipeni japo chupa moja, nijaribu tu."

"Haigawanyiki," Yoleida alisema, macho yakiwa mezani. "Ukiigawa unawaua wote."

Mzee Nerio alimgeukia yeye. "Mama yako alikuwa hivi hivi," alimwambia. "Akishashika lake, uso unakuwa jiwe." Akavaa kofia, akatoka.

Villasmil alishusha pumzi. "Haya, kitanda cha sita. Lakini chuo wakiuliza, aliyesoma ni wewe."

"Ni mimi."

Wodini, Migdalia alitundika chupa ya kwanza juu ya Eudomar. Kijana alikuwa anawaka homa, lakini mdomo ulikuwa haujaugua.

"Dokta, hayo siyo maji ya tangi?"

"Ya tangi uliyamaliza wewe."

"Mke wangu akizaa wa kike tutamwita jina lako. Wa kiume tutamwita Njiwa."

"Mwiteni lolote, ila mumlelee mbali na hapa."

Yoleida alishika chuma cha kitanda, akasimama hapo mpaka tone la kwanza likashuka kwenye mpira, na la pili, na mke wa Eudomar akaacha kupepea, akaanza kulia kimyakimya. Akakiegemea chuma kwa uzito wake wote.

"Inatosha sasa, dokta," Migdalia alimwambia, akimzungushia mkono kiunoni. "Umeshaona. Twende."

Walivuka wodi polepole. Kando ya kitanda cha nne, mzee Nerio alikuwa ametandika shuka safi kutoka nyumbani. Alimpokea binti yake kutoka mikononi mwa sista, akamlaza.