Mfano Hai wa Ticha Godbless

Pu. Pu. Pu.

Mchi uligonga kinu nyuma ya uzio wa mabati. Ticha Godbless akanyoosha kidole kuelekea kwenye mlio, na darasa lake, watu wazima waliobanana kwenye mabenchi uani kwake Mtendeni, likapaza sauti:

“She is pounding!”

“Mnamsikia sasa hivi, ndiyo maana mnasema hivyo. Na kila siku ya Mungu?”

“She pounds!”

Mtwangaji alikuwa Kabula, mkewe. Shule nyingine zina picha ukutani. Ticha alikuwa na Kabula. Likija somo la kufagia, Kabula alifagia. Likija la kuteka maji, aliizungusha ndoo ileile uani mpaka Shilinde, dereva wa bodaboda asiyeshika kitu upesi, aliposhika. Hakuna aliyemuuliza kama amechoka. Kuchoka lilikuwa somo la Alhamisi.

“Hii sentensi ya pili,” Ticha alieleza, “ni ya mambo yasiyobadilika. Jua huchomoza. Maji huchemka. Na kule Igunga, nilikokwenda mara moja tu, siku ya kuoa, mke akiondoka mwenyewe, ng'ombe wa mahari hurudi kwa mume. Akifukuzwa, hawarudi. Ndiyo maana mimi simfukuzi. Nangoja achoke.”

Darasa likacheka. Nyuma ya mabati mchi ukagonga kwa nguvu zaidi. Wale ng'ombe walikwishatolewa mahari ya kaka yake Kabula, hukohuko Igunga, na kwao hapakuwa na hata ndama wa kurudisha. Ticha alilijua hilo kuliko alivyojua Kiingereza.

Siku hizo alikuwa akimsubiri mgeni. Chama kimoja cha wakulima wa tumbaku kilitafuta mtu wa kuwafundisha makarani wake, naye alikwishaomba kazi hiyo na kushona suti. Jioni, Kabula akimtengea chakula, alisema, “Mgeni akija, fundisha safari. Kufagia kwangu wamekuzoea.”

Ticha akamwambia anyamaze. Asubuhi aliamka na wazo zuri sana: somo la safari.

Siku mbili baadaye pikapu nyeupe ilisimama langoni. Akashuka mzee mwenye kofia pana na fimbo.

“Shikamoo, mzee. Karibu kiti cha mbele.”

“Marahaba. Naitwa Masolwa. Nimesikia habari zako, nimekuja kujionea.”

Ticha hakumuuliza anatoka wapi. Pikapu ilikwishajibu.

Alikaza tai, akapiga makofi. Kabula akatoka ndani na begi. Lilikuwa limejaa mpaka zipu inalia, na Ticha akafurahi. Wake wengine wangebeba begi tupu.

“Pack your bag!” akanguruma. “Go out of my house!”

“She is going out!” darasa likaitikia.

Mzee Masolwa akainua fimbo. “Ticha, mimi Kiingereza kilinipita. Sema na kwa Kiswahili, na sisi wazee tufaidi.”

Ticha akapanda juu ya benchi. “Kabula, chukua vitu vyako, toka nyumbani kwangu!”

“Wa nyuma sidhani kama wamesikia.”

“Toka nyumbani kwangu, Kabula! Nenda kwenu!” Hiyo ya kwenda kwao aliiongeza mwenyewe, kwa ufundi. Majirani wawili wakachungulia juu ya mabati.

Kabula akapita katikati ya mabenchi bila kutazama kushoto wala kulia. Akafungua lango, akatupa begi kwenye pikapu, akapanda mbele.

“Mnaona?” Ticha aliwaambia wanafunzi huku akimtazama mgeni kwa pembe ya jicho. “Hata gari la mzee amelitia kwenye somo. Huo ndio mfano hai.”

Mzee Masolwa akasimama, akawageukia walioketi.

“Nani amemwambia atoke?”

“Ticha!”

“Mmesikia wote?”

“Ndiyo!”

“Na wewe mwenye koti la bodaboda?”

Shilinde akainuka. Tangu ajiandikishe hakuwahi kuulizwa swali analolijua. “Nimesikia vizuri sana, mzee. Amesema toka nyumbani kwangu, nenda kwenu. Amesema kwa Kiingereza, akarudia kwa Kiswahili.”

“Kaa, kijana. Umefaulu.”

Darasa likampigia Shilinde makofi. Ticha akashuka kwenye benchi, akajifuta jasho, akasogea karibu na mgeni na kuinamisha kichwa kwa adabu ambayo Kabula hakuwahi kuiona.

“Kwa hiyo, mzee wangu, tuseme nimepata?”

Kabla mzee hajajibu, sauti ya Kabula ilitoka langoni.

“Baba mdogo, twende. Igunga ni mbali.”

Mzee Masolwa akaiweka sawa kofia yake.

“Kuhusu wale ng'ombe, mkwe,” alimwambia Ticha Godbless, “nakuahidi, na hawa wote wakisikia: watazeekea Igunga.”