Mwimo wa Mlango wa Jikoni

Mama alisimama ghafla, na bintiye nusura amkanyage kisigino.

Mbele yao, nyuma ya kamba nyekundu, ulisimamishwa mwimo wa mlango wa jikoni kwao, katika nyumba ile iliyovunjwa wakati wa kupanua barabara. Makumbusho waliupaka vanishi na kuuwekea kibao: "Mwimo wa ghala. Mikato ilitumika kuhesabia magunia ya mavuno."

"Magunia?" Binti akaguna. "Huo wa juu si urefu wangu nilipoingia darasa la saba? Ngoja nimtafute mkubwa wao, waufute upuuzi huu."

Mama alikuwa anatazama chini kabisa, kwenye mikato miwili iliyokaribiana. Ilikuwa ya kitinda mimba wake. Wa tatu haukukatwa; homa iliwahi. Tangu azikwe, hakuna aliyethubutu kulitaja jina lake mbele ya Mama.

Mama akavuka kamba. Akapiga magoti polepole, akalaza kiganja juu ya mkato wa pili, bapa, kama mtu anayemshika mtoto utosini.

"Bibi, samahani," mlinzi akasema kutoka mlangoni. "Hivyo haviguswi."

"Najua, mwanangu." Mkono haukuondoka. "Alikuwa hatulii huyu. Lazima nimshike hivi ndipo baba yake akate."

Mlinzi akakitazama kibao, akautazama mkono. Akaja akachuchumaa kando yake.

"Alikuwa anaitwa nani?"

Binti akabana pumzi.

Mama akafumbua kinywa.