Kicheko cha Udongo

Siku ya pili ya mapumziko yao katika nyumba ya mbao kule mlimani, Zamda na mumewe Hamadi waliteremka mjini kwenye tamasha la sanaa, lile linalofanyika kila mwaka maua yanapoanza kuchanua. Hamadi alikwenda kutafuta chai ya tangawizi. Zamda akawa anazungukazunguka, hadi alipofika kwenye meza ya mwanamke mfinyanzi, akaganda.

Mezani palikuwa na kichwa cha udongo cha mwanamume. Mwanya ule aliujua, na kovu la kwenye nyusi pia. Lakini kichwa kile kilikuwa kimeangua kicheko hadi kikafumba macho, na kicheko cha namna hiyo Zamda hakuwahi kukiona katika miaka tisa ya ndoa.

"Huyu ni nani, dada?"

"Mtu wa zamani," mfinyanzi alijibu bila kuinua uso. "Kabla hajaoa."

"Nakitaka. Bei gani?"

"Hicho hakiuzwi."

Wivu ulimpanda Zamda. Angekuta barua za mapenzi, angezichana. Kicheko angekichanaje?

Hamadi akatokea na vikombe viwili. Alipoona kilichopo mezani, akapunguza mwendo.

"Twende, mke wangu. Chai itapoa."

Zamda alivipokea vikombe, akavitua mezani, akamshika mumewe mkono na kumsimamisha kando ya kile kichwa.

"Cheka," alimwambia taratibu.

Hamadi alimtazama mkewe, akamtazama mfinyanzi, kisha akafumbua midomo; mwanya ukaonekana, lakini macho yalibaki wazi.