Mbwa Aliyeikimbia Sauti ya Mama

Mahfudha alisema "Bismillahi" tu, mbwa akainuka na kuondoka.

Alivuka sebule bila haraka, akaenda kuketi kwenye kizulia cha kijani karibu na mlango wa jikoni. Kisha akageuka na kumkazia macho. Ndivyo ilivyokuwa tangu Mahfudha afike Houston. Akinyamaza, Simsim hujilaza karibu na miguu yake. Akitamka neno, hata likiwa dua, mbwa huyo huondoka, kisha humtazama kutoka kwenye kizulia kama mtu anayedai chake.

"Yuwanijua huyu," alimwambia binti yake, Lubna. "Mnyama hamsahau adui yake."

"Mama nawe! Atakujuaje, na hajawahi kukuona?"

Mahfudha alijua alichowahi kusema. Mwanawe Aiman alipomchukua mbwa huyu, yeye alimpigia simu kutoka Mombasa. "Nyumba yenye mbwa sitatia mguu. Nisali, naye anipita mbele ya mswala? Chagua, mimi au yeye."

Aiman alicheka kidogo. "Nipe muda, Mama."

Muda ukapita, mbwa akabaki. Mahfudha akajua mwanawe amechagua.

Sasa Aiman alikuwa amefariki barabarani, akirudi na lori kutoka Dallas, na alizikwa kabla mama yake hajashuka ndege. Mahfudha alipewa chumba cha nyuma cha nyumba ya Aiman, chenye kitanda kipya na mswala uliokwisha kutandikwa kuelekea kibla. Alidhani kijana alikuwa akijiandaa kuoa. Humo Simsim hakuingiza hata ukucha.

Siku ya kwanza Mahfudha alitaka mbwa atolewe, na Lubna akapata familia moja kule Plano iliyokubali kumchukua. Siku ya pili alimkuta amelaza kichwa juu ya ndara za Aiman, masikio yakielekea mlangoni. Hapo moyo ukamshinda. Katika nyumba nzima, ni wao wawili tu waliokuwa bado wakingoja mlango ule ufunguliwe.

"Akikukubali, tutamhamishia kwangu pamoja nawe, yeye akae uani," Lubna alisema. "Asipokukubali, Mama, tusimtese. Watu wa Plano wako tayari kuja leo alasiri."

Ndiyo maana Avelina aliitwa. Alikuwa Mtanzania, jirani wa mtaa wa pili, na kazi yake ni kufundisha mbwa. Alikuja na bakuli la kuku wa kuchemsha na kidude cha plastiki kinachoenea kiganjani.

"Shikamoo, mama. Kwangu hakuna kiboko wala makelele. Mbwa akifanya unachotaka, unabonyeza hiki, halafu unampa kuku. Mlio unamwambia, hapo hapo, umepatia."

Akabonyeza. Tik.

Mahfudha alikitazama kile kidude. Mlio huo aliujua.

Kila alipozungumza na Aiman kwenye simu, aliusikia nyuma ya sauti yake. Tik. Kimya. Tik. Alidhani ni ile tasbihi ya kubonyeza aliyompa siku ya kuondoka nyumbani. Kwao Mombasa, mtaa mzima wa Kibokoni, alijisifu kwa majirani, "Mwanangu hata simu haimtoi kwenye dhikri." Na juzi, kwenye hitima, aliyarudia maneno hayo mbele ya wanawake wote wa mtaa huu wa Alief. Wote waliitikia mashallah. Lubna peke yake aliinamisha kichwa.

"Kumbe ulijua?" Mahfudha alimgeukia binti yake.

"Nilijua ni cha mbwa, Mama. Ningekwambia nini mbele za watu?"

"Alikuwa akifanya nini nacho, mimi nikizungumza?"

"Sijui. Akicheza na mbwa wake, basi."

Kwa hiyo yeye alikuwa akimlilia upweke, na mwanawe anacheza na mbwa. Hasira ilimpanda. Kisha akakumbuka anamkasirikia nani, akajionea haya. Alichukua kipande cha kuku, akapiga magoti, yeye ambaye maisha yake yote aliokota mawe kila aonapo mbwa.

"Njoo, Simsim," alisema. "Njoo, babangu. Nisamehe."

Simsim alimpa mgongo, akaenda kwenye kizulia.

Lubna alichukua simu. "Basi. Nawaambia waje."

"Subiri kwanza," Avelina alisema. "Mbwa mwenye hofu hubana mkia. Huyu mkia wake uko huru kabisa. Hebu muite wewe."

Lubna aliita, mbwa akaja. Avelina aliita, mbwa akaja.

"Sasa wewe, mama. Sema chochote."

"Niseme nini mimi?"

Simsim alikuwa ameshafika kwenye kizulia.

Avelina alikitazama kizulia. "Huyu amewahi kuisikia wapi sauti yako?"

"Aisikie wapi? Kwenye simu tu. Aiman alipenda kuniweka spika."

Avelina alikigeukia kile chumba cha nyuma, akautazama mswala na kitanda kipya. Kisha akamtia Mahfudha kidude kiganjani. "Bonyeza."

"Lakini si ameondoka!"

"Bonyeza, mama."

Tik.

Mkia wa Simsim ulianza kuupiga mlango wa jikoni. Aliketi wima palepale kwenye kizulia, mdomo wazi, macho yakimwangalia Mahfudha, akingoja kuku wake.

Lubna aliiweka simu kifudifudi juu ya meza.

"Hakukimbii," Avelina alisema taratibu. "Kila ulipozungumza kwenye simu, Aiman alimfundisha kukupisha. Ili uje."