Anayesoma Sukari ya Edinah

Edinah alitaka simu iwekewe nywila tu, watu wasione vipimo vyake vya sukari. Lakini fundi wa simu wa pale mtaani Matisi aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mama, hii simu ilikuwa ya nani?"

"Ya binti yangu. Aliniachia akienda kuolewa Bungoma." Hakuongeza kwamba tangu siku hiyo, mwaka wa tatu sasa, hawajasemezana.

"Kumbe bado iko na akaunti yake. Namba zako za sukari zinaenda kwake. Hapa inaonyesha anazifungua kila asubuhi."

Edinah aligusa kidude cha kupima sukari kilichobandikwa mkononi na kutuma namba kwenye simu, cha duara kama kifungo cha koti. Ugonjwa huo alikuwa ameuficha hata kanisani.

"Kila asubuhi?"

"Eeh. Na Jumanne sukari iliposhuka, alifungua mara kumi na moja."

Jumanne hiyo, Edinah alikuwa amelala peke yake, akitetemeka.

Fundi aliweka kidole juu ya kioo chenye ufa. "Siri ya hospitali haifai kukaa wazi hivi. Nimtoe?"

Edinah alimshika mkono kabla hajabonyeza.

"Ngoja kwanza," alisema. "Za leo ameshaziona?"