Shahidi wa Hoteli

"Sikai," akasema Bi Mwanapili. "Ntakaa siku mtakaponirejeshea bahari yangu."

Mwenyekiti wa kamati ya ardhi alishusha pumzi. Tangu asubuhi alikuwa akimwomba bibi huyu wa Paje aketi, na tangu asubuhi bibi alikuwa wima, mikono kiunoni.

Bahari yenyewe ni kile kipande cha maji mafupi ambako yeye na wenzake hupanda mwani. Hoteli mpya inakitaka kwa ajili ya wageni wake wanaoteleza juu ya maji kwa tiara. Inadai hati yake ni ya mwaka 2012, na kwamba wanawake walikuja baadaye, wavamizi tu. Wakionyesha kuwa walikuwapo kabla, wanabaki. Wakishindwa, vijiti vyao vya kufungia mwani vinang'olewa.

Wavamizi! Mwani ule ameulima tangu ujana wake, na alipofiwa na mumewe ndio uliomsomeshea watoto.

Lakini ushahidi uko wapi? Wanawake wa Paje hawapigwi picha wakiwa majini, nguo zimerowa na kuwaganda mwilini. Ndiyo sheria yao, na Bi Mwanapili ndiye askari wake. Watalii waliokimbizwa na kijiti chake hawana idadi. Picha yake ilitoka mara moja tu, gazetini mwezi uliopita, akimfokea mlinzi wa hoteli getini. Hata hiyo waliiba.

Kisha, juzijuzi, picha ikaingia kwenye simu ya Kidawa, katibu wa kikundi chao, kutoka namba wasiyoijua: wanawake wanafunga mwani, Agosti 2009. Kidawa hakungoja. Aliichapisha, akaikimbiza kwenye kamati kabla hata ya kumwonyesha mwenzake. Bi Mwanapili alipoambiwa alipandisha hasira kwanza. Mwizi gani huyo wa picha? Halafu akatulia. Dawa ya moto ni moto.

Sasa Junaid, wakili wa hoteli, alikuwa amesimama, tai imemkaa sawasawa.

"Mheshimiwa, njia ya mwongo ni fupi. Siku hizi picha zinapikwa kama maandazi. Ndiyo maana tumemleta, kwa gharama zetu, Dakta Rahila."

Akammwagia sifa kama mshenga aliyekwenda kuposa. Njia aliyoigundua mama huyu ya kumfuta mtu pichani, au kumtia, imetajwa na wataalamu dunia nzima. Wenye filamu wanaitumia, wenye magazeti wanaitumia.

"Hata simu zenu hizo. Ukimfuta aliyepita nyuma yako, akili iliyomfuta ni yake. Akisema yeye, hapana wa kumpinga."

"Na anayemlipa ni nani?" Bi Mwanapili akauliza. Watu wakacheka, mwenyekiti akagonga meza.

Dakta Rahila aliinuka, mwembamba ndani ya baibui lake, hakucheka wala hakununa. Alipewa kwanza picha ya hoteli: pwani ileile, mwaka uleule wa 2009, maji matupu.

"Hii ni ya kweli," alisema. "Haijaguswa."

"Maji yamejaa hapo!" Bi Mwanapili alipaza sauti. "Shamba liko chini! Nani anapiga picha ya mwani maji yakiwa juu?"

"Bi Mwanapili!" mwenyekiti akamkemea.

Junaid alitabasamu. Bi Mwanapili akairudisha mikono kiunoni, hakukaa. Wamekwisha kumnunua mtaalamu, na mtaalamu amekwisha kuwauza wanawake wa Paje.

Ikaja picha ya wanawake. Dakta Rahila aliiinamia kwa muda mrefu. Bi Mwanapili, kwa kukosa la kufanya, akawa anavitazama vidole vya mtaalamu huyo. Vilikuwa na makovu membamba kwenye viungo, kama vya mtu aliyefunga kamba za mwani tangu utotoni. Akajiambia macho yake yamechoka. Si wamesema huyu ni mtu wa mjini, wa Michenzani?

"Na hii ni ya kweli," akasema Dakta Rahila.

Tabasamu la Junaid likakatika. "Dakta, una hakika?"

"Wewe ndiye uliyesema hapana wa kunipinga." Akaiweka picha mezani. "Aliyetengeneza kufuli ndiye anayejua kama limechokonolewa. Kama picha hii imeguswa, basi hapa duniani hakuna wa kuligundua hilo ila mimi."

Mwenyekiti akageuka. "Bi Mwanapili, huyu aliyeinama mbele ni nani?"

Ndiyo kwanza aipate picha mkononi. Kanga imepandishwa, kamba imebanwa menoni, na uso ule, mdogo kwa miaka mingi, ulikuwa wake. Tarehe ilikuwa kwenye pembe. Aliitazama hata wenzake wakaanza kukohoa. Kisha akayainua macho kwa Dakta Rahila, naye hakuyakwepa.

"Ni mimi," akasema, sauti ikasikika mpaka barabarani. "Nani mwengine mwenye pua hii?"

Kamati haikukawia. Wanawake wabaki na mwani wao. Vigelegele vikapasua chumba, Junaid akakusanya makaratasi yake, na Bi Mwanapili akakaa chini, akalia bila kujificha.

Barazani, watu wakitoka, Dakta Rahila alimpitia.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu." Bi Mwanapili alimvuta kwake kama anayetaka kumbusu, akamnong'oneza sikioni:

"Siku nyengine ukitaka kunitia pichani, uulize kwanza. Agosti ile n'likuwa ndani, nimekaa eda ya mume wangu."