Maana ya Mhuni

Badi, fundi viatu, alirudi kutoka sokoni akamkuta mtu wa baraza la mji amechuchumaa mbele ya nyumba yake, akiandika mlangoni kwa rangi nyekundu: MHUNI.

"Ndugu yangu, umekosea nyumba," Badi alisema. "Sijaiba wala sijapigana na mtu."

"Una mke?"

"Sina."

"Basi sijakosea. Wahuni wote wanachukuliwa leo na lori."

Jirani yake, mjane aitwaye Bi Mkejuma, alitoka na ungo wa mchele. "Mwanangu," alimwambia yule mtu, "hapa kwetu mhuni alikuwa mwanamume ambaye hajaoa, basi. Mama yangu alimwita hivyo marehemu mume wangu mbele ya watu, wakacheka, kisha wakatuoza. Nani amelifanya liwe neno la wezi?"

"Sijui, mama. Nimetumwa kuandika tu. Chukua maana yoyote, huyu inamfaa."

Nyuma ya soko honi ya lori ililia. Milango mingine ya mtaa ilikuwa imeshaandikwa, na ndani hakukusikika mtu.

Bi Mkejuma aliweka ungo chini, akamshika Badi mkono.

"Ana mke," alisema. "Ni mimi."

Yule mtu aliwatazama mpaka Badi akainamisha kichwa. Hakuuliza cheti wala shahidi. Alichovya brashi kwenye kopo, akavuka uchochoro, akaanza kuandika neno lile lile kwenye mlango wa Bi Mkejuma.